Giaboksi Iliyougua kwa Sababu ya Rejeta

Mara ya kwanza kuusikia ule mtetemo nilikuwa nakaribia kumaliza mlima mrefu, mwendo kama kilomita 65 kwa saa, mguu umegusa tu pedeli ya mafuta. Ilikuwa kama gari limepita juu ya vituta vidogo vilivyopangwa karibukaribu. Sekunde mbili, ukaisha. Nikaangalia kioo cha nyuma nione nimekanyaga nini. Lami ilikuwa safi.

Gari lenyewe ni SUV ya petroli, injini ya silinda 6, giaboksi ya otomatiki ya gia 5. Wakati huo lilikuwa na miaka 12 na limeshatembea zaidi ya kilomita 190,000. Bodi haikuwa na kutu, injini iliwaka kwa mguso mmoja, na oili ya injini nilikuwa naibadilisha hata kabla muda haujafika. Nilipousikia ule mtetemo niliamini ni jambo dogo. Wiki sita zilizofuata nilizitumia kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo, na kila siku niliyoendelea kuendesha ilikuwa inaimaliza giaboksi. Ndiyo maana naandika.

Fundi wa kwanza alisema plagi. Hakukosea sana kwa kusikiliza tu, kwa sababu plagi moja isiyochoma vizuri huleta mtikisiko unaofanana na ule, hasa gari linapopanda taratibu. Tukabadilisha plagi zote 6 na koili mbili zinazozipa plagi umeme. Mtetemo ukabaki palepale. Fundi wa pili akasema magurudumu na propela, ule mhimili unaopeleka nguvu ya giaboksi kwenye magurudumu. Tukasawazisha magurudumu, tukabadilisha krosi (kiungo) moja ya propela ambayo kweli ilikuwa imechoka. Siku mbili nilijidanganya kwamba gari limepona. Siku ya tatu, kwenye mlima uleule, likatetemeka tena, na safari hii sekunde tano.

Kuna kipimo kidogo ambacho laiti ningekijua siku ile ya kwanza. Kwenye giaboksi ya otomatiki hakuna klachi ya mguu. Nguvu ya injini inapitishwa na torki konveta, chombo cha mviringo kilichojaa oili, kinachozungusha giaboksi kwa msukumo wa oili hiyo. Msukumo wa oili pekee hupoteza nguvu kidogo, kwa hiyo ndani yake kumewekwa klachi inayofunga mara gari linapotulia kwenye mwendo, kwa kawaida ukiwa umekanyaga mafuta kidogo na injini imeshapata moto. Klachi hiyo ndiyo huanza kulalamika oili inapoharibika: inashika, inaachia, inashika, na wewe unausikia mtetemo kwenye kiti. Ukitaka kujua kama ni yenyewe, mtetemo ukianza gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kupunguza mwendo. Kompyuta ya gari ikiona breki imeguswa huifungua klachi ile. Mtetemo ukikatika hapohapo, achana na plagi na matairi. Fanya hivyo barabara ikiwa tupu nyuma yako.

Mimi sikukijua kipimo hicho, ila boneti nilikuwa naifungua. Na hapa ndipo ninapoumia kila nikikumbuka. Wiki ya nne, nikiongeza maji ya kuoshea kioo, niliona kwenye chupa ya akiba ya rejeta utando wa rangi ya waridi umeshika ukingoni. Kulanti, yaani maji yenye dawa yanayopoza injini, niliyokuwa natumia ilikuwa nyekundu. Oili ya giaboksi nayo ilikuwa nyekundu. Nikajiambia kulanti imezeeka, nitaibadilisha mwisho wa mwezi. Nikafunga boneti.

Nilifika kwa fundi wa tatu, mzee aliyetumia karibu maisha yake yote kwenye giaboksi, kwa sababu ya dalili nyingine kabisa. Nikiweka selekta, yaani mkono wa gia, kwenye D ya kwenda mbele, gari lilikuwa linakaa sekunde mbili tatu ndipo lishike, kisha linashika kwa kishindo. Hakuuliza habari za plagi. Alifungua chupa ya akiba, akachovya kidole, akasugua vidole viwili pamoja, akavinusa. Kulanti ukiisugua inateleza kidogo tu. Ile haikuishia hapo. Iliganda vidoleni kama mafuta ya kujipaka. Akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe. Ilitoka rangi ya waridi iliyopauka, nzito, yenye povu, kama maziwa yaliyotiwa rangi.

"Kijana wangu, hili gari umekuja nalo likitembea?"

"Ndiyo, mzee. Nimeliendesha mwenyewe."

"Basi hapa lisiwashwe tena. Likitoka litatoka kwa kubebwa."

Alimaanisha kubebwa juu ya lori, na sababu yake inafaa ijulikane. Pampu ya giaboksi ya otomatiki huendeshwa na injini. Gari likivutwa kwa kamba na injini imezimwa, magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani lakini hakuna oili inayopita kuvilainisha. Kilomita chache tu zinaweza kutosha kuunguza giaboksi iliyokuwa nzima. Kwa gari lenye magurudumu manne yanayovuta, kuinua upande mmoja tu na kuburuza mwingine kunaweza kuleta balaa lilelile. Kama huna uhakika, magurudumu yote manne yawe juu.

Kisha akanionyesha rejeta, na hapo nikaelewa. Rejeta ya gari la otomatiki mara nyingi ina kazi mbili. Ya kwanza wengi tunaijua: maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye vimirija vyembamba vyenye mapezi, upepo unayapoza, yanarudi. Ya pili imejificha ndani ya tangi la pembeni au la chini la rejeta hiyohiyo. Humo kuna kipozeo kingine cha chuma kilichozama kwenye kulanti, na ndani yake inapita oili ya giaboksi. Oili inatoka kwenye giaboksi ikiwa ya moto, inaachia joto kwenye kulanti, inarudi. Kati ya vimiminika hivyo viwili kuna ukuta mwembamba wa chuma pamoja na maungio yake. Basi. Ukuta huo ukipata ufa, hutaona tone hata moja chini ya gari. Hakuna kinachomwagika nje. Kila kitu kinavujia ndani.

Injini ikiwa inaunguruma, pampu ya giaboksi huisukuma oili kwa presha kubwa kuliko ya kulanti, kwa hiyo oili ndiyo inayovamia upande wa maji. Ukizima injini mambo yanageuka. Pampu inasimama, presha ya oili inaisha papo hapo, lakini rejeta bado ni ya moto na mfuniko wake umebana presha ya karibu bar 1 humo ndani. Sasa kulanti ndiyo inayosukumwa kuingia upande wa oili, na itaendelea hivyo mpaka injini ipoe. Gari langu lilikuwa linakunywa sumu kila jioni likiwa limeegeshwa, nami nimeshafunga mlango na kwenda zangu.

Sumu ni neno linalostahili hapa. Pleti za klachi ndani ya giaboksi ni vibati vya chuma vilivyobandikwa kwa gundi utando wa nyenzo inayofanana na karatasi ngumu. Utando huo umetengenezwa uishi ndani ya oili. Ukikutana na maji na glaikoli, kemikali iliyomo kwenye kulanti, unanyonya, unavimba, na gundi inaanza kuachia. Vipande vinabanduka, vinasafiri na oili, vinaziba vijia vya vali bodi na solenoidi, sehemu zinazoelekeza oili kwenye klachi za gia. Chuma kinaanza kutu mahali ambapo hakikutakiwa kuona maji maisha yake yote. Siku giaboksi ilipofunguliwa niliomba niwepo. Pleti mbili zilikuwa zimebaki chuma kitupu upande mmoja, na utando wake tuliukuta umekusanyika chini kwenye sampu, bakuli la oili la giaboksi, kama majani yaliyooza. Sumaku ya kwenye sampu, ambayo kwa kawaida hukusanya ungaunga laini wa kijivu, ilikuwa imefunikwa na tope la rangi ya kutu.

Mzee aliniambia jambo ambalo lilinitesa siku nyingi. Kuna wanaoigundua hitilafu hii mapema kabisa, kulanti ikiwa bado haijaingia kwa kiasi, wakafungua mirija siku hiyohiyo, wakaimwaga na kuibadilisha oili mara tatu nne, wakapona na giaboksi ileile. Kinachoamua ni muda ambao pleti zimekaa ndani ya ule mchanganyiko. Mimi nilikuwa na wiki mbili kamili tangu nilipouona utando wa waridi kwa macho yangu.

Rejeta ya zamani aliikata kwa msumeno ili nione. Kwenye kiungo ambapo bomba la oili linaingia tangini kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Kandokando yake chuma kilikuwa kimeliwa, na vimirija kadhaa vilikuwa vimejaa magamba ya kahawia. Hayo magamba naweza kusema yalitoka wapi. Kwa miaka mitatu, kila chupa ya akiba iliposhuka, nilikuwa naongeza maji ya bomba. Nilidhani kazi ya kulanti ni kuzuia maji yasigande, na mahali nilipokuwa naendesha maji hayagandi, kwa hiyo maji ni maji. Si hivyo. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na kulanti ya glaikoli unapanda hadi kama 107, na presha ya mfuniko wa bar 1 inaupeleka juu ya 120. Zaidi ya hapo, kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na ndiyo inayolinda alumini ya rejeta, pampu ya maji na silinda hedi (kichwa cha injini) kutoka ndani. Kila lita ya maji ya bomba niliyoongeza ilipunguza ulinzi huo na kuleta madini yake ya kujenga magamba. Na chupa ilikuwa inashuka kwa sababu. Mfumo wa kupoza umefungwa. Gari likiwa linakula maji, hata kidogo kidogo, kuna mahali yanakwenda, na kuongeza tu ni kuficha dalili.

Rangi nayo isikudanganye kama ilivyonidanganya. Rangi ya kulanti ni uamuzi wa mtengenezaji, haisemi kilichomo. Mbili zenye rangi moja zinaweza kuwa na dawa zisizopatana, na mbili za rangi tofauti zikawa za aina moja. Soma viwango vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari na kwenye galoni. Oili ya giaboksi nayo mara nyingi ni nyekundu, lakini zipo za kijani, za buluu na za manjano, na kila giaboksi ina kiwango chake. Oili ya giaboksi ya mkanda, ile inayoitwa CVT, haifai kwenye giaboksi ya gia za kawaida, na kinyume chake pia.

Giaboksi ilijengwa upya: pleti zote, sili zote, torki konveta nyingine, solenoidi zikaoshwa na mbili zikabadilishwa. Nilitaka kuiacha mirija ya oili ya zamani kwa sababu ilikuwa haivuji. Mzee akakataa. Alisema giaboksi mpya nyingi zinauawa na takataka zilizolala kwenye mirija na kipozeo cha giaboksi iliyotangulia. Mpira wa mirija uliokunywa kulanti na oili kwa pamoja ulikuwa umelainika kama sponji, ukiubonyeza haurudi haraka. Tukaitoa yote. Mfumo wa maji tuliuosha kwa sabuni maalumu ya kutoa mafuta mara nne, na bado wiki mbili baadaye nilikuwa naona vijiduara vya mafuta vikielea kwenye chupa. Mipira ya rejeta ikafuata, kwa sababu oili huvimbisha mpira na ikishauvimbisha hautadumu.

Uamuzi uliobaki ulikuwa wa rejeta yenyewe, na hapa mafundi hugawanyika. Wapo wanaosema weka rejeta mpya, unganisha mirija kama ilivyokuwa, itachukua miaka mingine 10. Mzee alisema hapana, naye akanishawishi. Tuliweka rejeta mpya lakini kipozeo chake cha ndani tukakiacha bila kuunganishwa, na oili ya giaboksi tukaipitisha kwenye kipozeo chake cha peke yake kinachopozwa na upepo, mbele ya kondensa, kile kipozeo cha kiyoyozi kinachokaa mbele ya rejeta. Oili na kulanti hazina tena mahali pa kukutana. Kuna gharama ya uamuzi huu ambayo haki ni kuisema: kipozeo cha ndani ya rejeta pia huipasha oili moto asubuhi, hivyo kwenye nchi za baridi kali giaboksi iliyotengwa na rejeta itachelewa kufika kwenye joto lake la kazi. Huko watu hufunga kithamostati, vali inayofunguka kwa joto, kwenye mirija ili oili isipite kwenye kipozeo mpaka ipate moto. Kwa gari linaloishi kwenye joto mimi sina shaka hata kidogo.

Namna ya kukifunga ni muhimu kama chenyewe. Nimeona vipozeo vilivyoshikizwa kwa vijiti vya plastiki vinavyopenya moja kwa moja katikati ya mapezi ya kondensa. Gari likitikisika miezi michache, vijiti vinasaga na kutoboa. Kifungwe kwenye vyuma vya bodi kwa vibati na boliti. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya oili ya giaboksi, kwa sababu mpira wa maji unayeyuka ndani, na mpira wa petroli wa kawaida nao si mahali pake. Baada ya kilomita 100 rudi ukakaze vibano.

Oili ya giaboksi yenyewe tangu siku hiyo naichukulia kama damu. Kitabu cha gari langu kilisema katika matumizi ya kawaida haihitaji kubadilishwa. Gari linalopanda milima limejaa watu na mizigo, linalotambaa kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa, halipo kwenye matumizi ya kawaida, na neno hilo limeua giaboksi nyingi. Oili hupenda kufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ikipita 120 inaanza kuungua na kupoteza dawa zake haraka sana, inakuwa nyeusi na kunuka kama kitambaa kilichoungua. Mimi sasa namwaga na kujaza kila kilomita 40,000. Ukifungua nati ya chini haitoki yote. Kwangu zilitoka lita 4 na kidogo kati ya karibu 10, nyingine inabaki kwenye torki konveta na mirija. Kwa hiyo narudia mara mbili au tatu, nikiendesha siku chache katikati. Kiasi kilichotoka nakipima kwenye chombo chenye alama na narudisha kilekile. Mashine za kusukuma oili yote mara moja kwa nguvu kwenye giaboksi iliyozeeka na ambayo haijawahi kubadilishwa oili siziamini. Zinaweza kung'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye vali bodi.

Kuipima nako kuna utaratibu wake. Kwa gari lenye kijiti: oili iwe ya moto, gari kwenye tambarare, injini inanguruma bila kukanyagwa, umeshaipitisha selekta kwenye kila nafasi na kuirudisha P, ya kuegesha. Ukipima injini ikiwa imezimwa, kama unavyopima oili ya injini, kwa magari mengi utasoma uongo. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana kijiti. Yana nati ya kiwango ambayo hufunguliwa oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na mtengenezaji, na hiyo inataka mashine ya kusoma kompyuta.

Mashine hiyo ndogo ya kuchomeka chini ya dashibodi nikainunua, na imenisaidia kuliko spana yoyote niliyo nayo. Taa ya injini ilipowaka wakati ule wa msukosuko, namba za hitilafu zilizosomwa kwenye kompyuta zilikuwa P0700 na P0740. Ya kwanza husema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, nenda kaisome. Ya pili inagusa mzunguko wa ile klachi ya torki konveta. Kama ningekuwa nayo wiki ya kwanza, plagi zisingebadilishwa. Leo naitumia zaidi kutazama joto la oili ya giaboksi nikiwa safarini. Barabara tupu linakaa 78, 80. Mlima mrefu na gari limejaa linapanda hadi 100. Likifika 105 nashusha gia kwa mkono ili klachi ifunge na injini izunguke kwa wepesi. Likiendelea kupanda nasimama pembeni, naweka P, naacha injini ikiwa inaunguruma ili oili izunguke na kupoa.

Ningependa kusema rejeta ile mpya ilimaliza mambo. Niliichagua kwa haraka, gari likiwa limekaa gereji muda mrefu na mimi nimechoka kusubiri. Ilikuwa nyembamba kuliko ya kwanza, na sikulipa hilo uzito. Miezi 14 baadaye, kwenye foleni mchana wa jua kali, gari likachemsha. Rejeta za siku hizi zina kifua cha alumini, yaani ile sehemu ya vimirija na mapezi, na matangi ya plastiki, yakiwa yameunganishwa kwa kukunja meno ya alumini juu ya plastiki, na mpira mwembamba wa kuzuia uvujaji katikati. Joto likipanda na kushuka maelfu ya mara, plastiki inakakamaa. Inapasuka shingoni, pale mpira wa juu unapoingia, au inaachia kwenye lile kunjo. Yangu iliachia kwenye kunjo.

Siku hiyo nilijifunza kutoiamini mshale wa joto. Ulikuwa umetulia katikati, kisha ukashuka kidogo, nikafurahi. Muda mfupi baadaye moshi wa mvuke ukatoka kwenye boneti. Kwenye magari mengi mshale umetengenezwa ubaki katikati hata joto likicheza kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike. Ukianza kupanda, mambo yameshaharibika. Na maji yakishuka chini ya kipimajoto, kinabaki kinapima hewa, na mshale unaweza kushuka huku silinda hedi ikiungua. Dalili ya kuaminika iliyonitangulia, nami sikuisikia, ilikuwa hita ya ndani kutoa hewa ya baridi. Maji ya moto yakiwa hayafiki tena kwenye hita, hayatoshi.

Nilizima injini na kukaa. Mtu mmoja mwema alikuja na ndoo ya maji, akitaka kunisaidia, akanyoosha mkono kwenye mfuniko. Nilimshika mkono. Chini ya mfuniko ule maji yana moto wa kupita 100 na yanabaki maji kwa sababu ya presha tu. Ukifungua yanageuka mvuke usoni mwako. Na maji ya baridi kwenye injini iliyoungua yanaweza kupasua hedi. Tulikaa karibu saa nzima, tukizungumza, mpaka mpira wa juu wa rejeta ukawa unashikika na kubonyea.

Dawa za kuziba rejeta nilishauriwa siku hiyohiyo, na nikazikataa. Unga unaoziba tundu hauchagui, unaziba pia vimirija vya hita na vya kifua cha rejeta, na baada ya hapo unakuwa na gari lisilovuja na linalochemsha. Rejeta ya sasa ina kifua kinene kama ya kiwandani. Pamoja nayo nilibadilisha mfuniko, ambao ni kifaa kidogo chenye springi na kinachochoka kama springi yoyote, na thamostati. Klachi ya feni pia ilikuwa imekufa: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni ilizunguka kwa mkono bila kipingamizi, wakati ilitakiwa iwe nzito. Feni ya namna hiyo haivuti upepo wa kutosha kwenye foleni, na foleni ndiyo iliyoifichua. Tulipotenganisha kondensa na rejeta tulikuta katikati yake zulia la vumbi na wadudu waliokauka. Ukiosha hapo, maji yapigwe taratibu kutoka upande wa injini kuja mbele, la sivyo unasukuma uchafu ndani zaidi na kukunja mapezi.

Mdogo wangu alipotaka kununua SUV ya umri kama wa langu, nilikwenda naye. Niliomba tulikute gari likiwa limepoa, halijawashwa tangu usiku, na nilikuwa nimemwambia hivyo muuzaji. Boneti likiwa tayari na moto, mtu ameshalipasha ili afiche jambo, au angalau hutaweza kufungua mfuniko wa rejeta. Nilifungua mfuniko, nikatazama chini yake, nikaingiza kidole shingoni. Palikuwa na utelezi. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, lakini linaendeshwa vizuri." Ni kweli, tulikuwa tumelizungusha baada ya ukaguzi huo na lilikuwa linabadilisha gia kama maji. Nikamwomba tuchomoe kijiti cha giaboksi. Oili ilikuwa nyekundu bado, ila kwenye kitambaa iliacha pembeni duara la majimaji yaliyotangulia kutambaa. Nikamshika bega tukaondoka. Muuzaji nilimweleza nilichokiona na nikamsihi aitenge ile mirija ya oili na rejeta siku ileile, kwa sababu gari lake lilikuwa bado linaokoleka.

Langu sasa lina kilomita zaidi ya 260,000. Oili niliyomwaga mara ya mwisho ilitoka nyekundu iliyokolea, haina harufu, na sumaku ilikuwa na ungaunga wa kijivu wa unene wa karatasi. Mtetemo haujarudi mlimani. Asubuhi zenye ubaridi gia ya nyuma inachelewa kama sekunde moja kabla ya kushika, kisha siku nzima inakuwa sawa. Mzee anasema huenda ni sili ya pistoni ya klachi ya nyuma imeanza kukakamaa, na kwamba tusiifungue kwa sasa. Nimeandika tarehe kwenye daftari na kila Jumatatu, kabla halijapata moto, napima kwa saa.